Udongo wa Bibi Hana

Galu, Diani
9 Machi 1964

Mwanangu Abdurahman,

Anayeandika ni mkeo Waridi, anayesema ni mimi mamako, kwa hiyo ukali utakaouona humu usimlaumu yeye. Nimemwambia aandike kila neno kama linavyotoka. Keshaniuliza, "Hata hili, mama?" Hata hilo. Sisi wazima. Yule mbuzi mweusi kazaa pacha, mmoja kafa. Makuti ya upande wa jikoni bado yanavuja, na Rai aliyesema atakuja kuezeka Ijumaa, Ijumaa nne zimepita sijamwona. Jino langu la nyuma limeng'oka lenyewe nikila muhogo. Basi, habari za salama zimekwisha.

Kaburi la Bibi Hana limefukuliwa.

Nasema tena, maana Waridi ameacha kuandika ananitazama. Kaburi la Hana, mke wa Dokta Lewin, rafiki yangu wa miaka kumi na mbili, niliyemwosha kwa mikono yangu hii mwezi wa kumi na moja, limefukuliwa. Wamekuja Jumatano baada ya adhuhuri, watu wazima tisa, na majembe. Wangekuja gizani ningesema wana haya kidogo. Dokta alikuwa amekwenda Msambweni kumtazama mgonjwa. Alipokuwa akipita Ukunda walimwamkia, "Dokta, safari njema," kisha wakaenda wakamfukulia mkewe. Na unajua nani alikuwa mbele? Rai. Nafasi ya makuti yangu hana, nafasi ya kaburi anayo.

Walitafuta fingo, dawa ya uganga inayozikwa ardhini. Ati Wayahudi wamezika fingo Galu ili pwani yote iwe yao. Wamelitoa wapi neno hilo? Kwenye karatasi. Ijumaa iliyotangulia zimegawiwa karatasi pale sokoni, zimepigwa kwa mashine, hazina jina la mtu chini. Waridi kanisomea. Nikamwambia soma tena. Imesema Wayahudi ni damu moja, damu ya kunyakua ardhi, hawaachi hata wakifa. Imesema mwanamke wao amezikwa Galu na mfuko mwekundu wa udongo chini ya kichwa, udongo wa Palestina, na hiyo ndiyo alama yao: wakishaweka udongo wao ndani ya udongo wetu, nchi imekwenda.

Mfuko mwekundu. Chini ya kichwa.

Hebu tuhesabu pamoja, wewe uliyesoma na mimi nisiyesoma. Siku ile ya mazishi njia ilikuwa imekatika kwa mvua, gari halivuki kwenda Mombasa kwenye makaburi yao, na wao kama sisi hawapendi maiti akae. Hana mwenyewe alikuwa keshaniambia, yu hai, anakunywa chai yangu: "Bi Mwanafatuma, nikifa, mwanamke wa kwetu wa kuniosha hayupo huku. Utanifanyia kama unavyowafanyia wenzako?" Nikamwambia, Hana, wewe mdogo kwangu, utaniosha wewe. Akacheka. Ilipofika siku, Mwanatumu anayenimiminia maji alikataa, akasema si Mwislamu yule, mikono yangu itapata nini. Nikaingia peke yangu. Waridi alileta maji akayaacha mlangoni. Nikamwosha, nikamkafini kwa bafta nyeupe isiyo na pindo, maana na wao wanazikwa hivyo hivyo, tajiri na maskini. Ndipo Dokta akanyoosha mkono mlangoni, akanipa kile kifuko cha hariri nyekundu kilichoshonwa kwa uzi mweupe, akasema, "Ni udongo wa Palestina, desturi yetu. Chini ya kichwa, mama." Nikakiweka, nikafunga sanda juu yake. Hakuna jicho lililokiona ila la Mungu na la kwangu.

Na mwosha hasemi alichokiona kwa maiti. Mama yangu aliniapisha hivyo kabla hajaniachia kazi hii. Nimeosha wanawake wa Galu na Kinondo miaka thelathini. Nimeona makovu, nimeona mimba zisizojulikana, nimeona michoro ya waganga. Nani amewahi kusikia lolote kinywani mwangu?

Wewe. Wewe peke yako. Ulikuja sikukuu ya Uhuru, nikakaa kibarazani napepeta mchele, namlilia mwenzangu, ukaniuliza kwa sauti ya upole, "Wao mama huzikana vipi?" Nikakuambia. Nilikuambia kwa kuwa ni mwanangu.

Sitaki salamu. Sitaki sukari wala kanga. Nataka neno moja: ni wewe au si wewe?

Mamako,
Mwanafatuma binti Zahoro
(dole gumba lake hili, limechafua kidogo)


Mombasa
17 Machi 1964

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeipata na imenihuzunisha sana. Mambo ya kaburi si mazuri, na mtu yeyote mwenye dini hawezi kuyapenda. Nakuomba usijichoshe kwa mawazo. Presha yako naijua.

Hata hivyo, mama, naomba tutenganishe vitu viwili. Karatasi ni maneno, na maneno ni haki ya kila mtu sasa. Uhuru tulioupata Desemba maana yake nini kama mtu hawezi kuandika analoliamini? Karatasi haina mikono. Haikushika jembe. Waliochimba ni watu wazima wenye akili zao, na aliyeandika, awe nani, hakuwaambia wachimbe.

Pili, usisahau shida yetu. Kuanzia Tiwi mpaka karibu na Chale, ufuo wote umewekwa waya. Wavuvi wanazunguka nusu saa kufika kwenye maji waliyozaliwa kando yake. Shamba la minazi la baba liko ndani ya waya huo. Palestina pia walianza hivyo hivyo, kipande kwa kipande, na leo wenyewe wanalala kwenye mahema. Hapa ofisini nasoma magazeti, mama, mambo haya nayajua. Mtu akionya watu wake, je, ni mkosaji?

Myahudi anaweza kuwa mpole, anaweza kukupa dawa bure, lakini damu ni damu. Haiachi asili yake.

Na kuhusu lile uliloniuliza, jambo la mfuko lingeweza kujulikana kwa njia nyingi. Maiti hubebwa na watu. Watu wana macho.

Kumbuka baba. Serikali ya Kiingereza ilimfunga miezi sita kwa sababu ya kusema. Ulilia mwaka mzima. Leo utakuwa upande wa wanaofunga midomo?

Msalimie Waridi. Mwambie nitatuma kitambaa mwisho wa mwezi.

Mwanao mtiifu,
Abdurahman H. Mbwana


Galu
25 Machi 1964

Abdurahman,

Nimeuliza neno moja nimeletewa kurasa mbili, na neno lenyewe halimo. Basi nimelisikia.

Watu wana macho, eh? Macho yanayoona ndani ya sanda iliyofungwa? Mwanangu, nilikuzaa mimi, nikakufuta kamasi mimi. Ulipovunja mtungi wa shangazi yako ulisema hivi hivi: "Mtungi ungeweza kuvunjika kwa njia nyingi." Miaka mitano ulikuwa nayo. Sasa thelathini na moja, na uongo wako haujakua hata inchi.

Karatasi haina mikono. Kweli. Mikono ilikuwa ya Rai. Nilimwita hapa, akaja amejifuta vumbi, nikamwuliza, "Rai, ulitafuta nini kwa Hana?" Akasema, "Bi Mkubwa, fingo. Imeandikwa." Nikamwuliza, wewe unajua kusoma? Akasema hajui, lakini iliyopigwa kwa mashine haiwezi kuwa uongo. Hana huyu ndiye aliyekaa na mke wa Rai siku mbili wakati wa kujifungua. Wamekikata kile kifuko kwa panga kuangalia kama kuna kucha za watu ndani. Kulikuwa na udongo. Wakaumwaga, wakaona aibu, wakakimbia, wakamwacha nusu nje.

Nimemrudisha mimi. Nimemwosha tena kwa namna inavyowezekana, na sitasema nilichokiona, hata kwako, hasa kwako. Kesho yake nikakaa chini jua la saa sita, nikauokota udongo ule. Wa kwao mwekundu-kahawia, wetu wa Galu mchanga mweupe, unaonekana. Punje kwa punje, kwa vidole viwili, mpaka alasiri. Nimepata kiasi cha kujaza kiganja. Uliobaki umechanganyika, sikuweza. Nikashona kifuko kingine kwa kipande cha kanga yangu, maana hariri sina, nikamrudishia.

Kisha nikamwendea Dokta. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha nje, miwani mkononi. Nikamwambia, "Dokta, aliyetoa siri ni mimi. Nilimwambia mwanangu." Hakupiga kelele. Heri angepiga. Aliniuliza tu, "Kwa nini aliuliza?" Jibu nalitaka na mimi. Unalo wewe?

Sasa hayo ya damu. Mwaka wa sitini na moja ulikuja hapa na tarbushi nyekundu, ukasema sisi Waarabu, babu wa baba yako alitoka Hadhramauti, pwani ya Sultani, bara wana nchi yao. Ukanikataza kusema Kidigo mbele ya wageni wako! Januari hii, baada ya yale ya Unguja, tarbushi nimeiona imekuwa kiota cha kuku, na wewe Mdigo, Mwafrika safi, tangu na tangu. Damu yako inabadilika kila uchaguzi, ya Hana ndiyo isiyobadilika?

Siku moja niliwahi kumwuliza Hana, Uyahudi wenu ni kabila au ni dini? Akasema, "Bi Mwanafatuma, hata sisi tunagombana. Mimi siswali, sifungi, na kwetu Ujerumani walipomfukuza Dokta kazini hawakutuuliza kama tunaswali. Lakini Myahudi ni yule aliyezaliwa na mama Myahudi." Nikaruka! Nikamwambia hata kwetu, fuko, yaani ukoo, ni la mama, mtoto ni wa fuko la mamake. Akacheka mpaka akashika ubavu, akasema basi sisi ndugu. Kwa hiyo, Bwana Hadhramauti, wewe ni wa fuko langu, utake usitake, na uchafu uliofanya umeufanya kwa jina langu.

Usimtie baba yako humu. Haji alisimama barazani, mchana, mbele ya Mzungu aliyechukua minazi, akamtaja jina, akataja lake, akakaa akangoja ajibiwe. Mzungu yule alikuwa mtu wa kanisa, na mkubwa wa serikali aliyetia sahihi hati alikuwa Mwislamu mwenye kilemba. Myahudi hakuwapo! Dokta alinunua kiwanja kisicho na hata mnazi mmoja, na waya wake una mlango, wavuvi wanapita. Unajua hayo. Umepita mwenyewe mlango huo. Ungewataja wenye waya wa kweli ningekushika mkono. Umeogopa walio hai wenye nguvu, ukaenda kumshika mwanamke aliyekufa.

Mamako

Mimi Waridi. Haya ni yangu, hajaniambia. Kitambaa usitume. Mama hali chakula cha jioni tangu Jumatano ile. Ukiwa na neno la kweli lilete wewe mwenyewe, usilitie kwenye bahasha.


Mombasa
14 Aprili 1964

Mama,

Shikamoo. Nadhani umekwisha kusikia. Polisi walinichukua ofisini mbele ya wenzangu wote. Nililala ndani siku nne, sasa nimetoka kwa dhamana. Rai na wenzake wako ndani bado. Kazi nimesimamishwa.

Sitazunguka tena. Niliandika mimi. Sikujua watachimba. Wallahi mama, sikujua. Nilitaka waogope, wasiuze viwanja zaidi, waamke. Lile la mfuko niliona litawashtua, ndiyo sababu. Barua hii ukisha kusomewa ichome.

Nina wakili, kijana hodari. Anasema kesi ni nyepesi ukifanya jambo moja. Mashine iliyopiga karatasi haikupatikana. Karatasi haina jina. Kitu pekee kinachonifunga ni mfuko, kwa sababu Dokta amewaambia polisi kwamba uliyeuweka ni wewe, na wewe ulimwambia ulinieleza mimi. Wakili anasema maneno ya Dokta ni ya kusikia tu, hayana nguvu. Utaitwa wewe. Ukisema kwamba uliwaeleza pia wanawake wenzako kisimani, watano au sita, usiwataje majina, hapo mwandishi anaweza kuwa mtu yeyote wa Diani. Ni neno dogo, mama. Wazee husahau walimwambia nani. Hakuna atakayekulaumu.

Na wakili ana hoja nyingine. Sheria hii imeachwa na Waingereza, inakataza kuchochea chuki juu ya watu wa rangi au kabila fulani. Yeye atathibitisha kwamba Wayahudi si rangi wala kabila, ni dini tu, kama Waislamu walivyo Wachina na Wahindi na Waswahili. Kuisema dini ya mtu si kosa kwa sheria hiyo. Kwa hiyo nitakuwa sikuvunja chochote.

Kesi ni tarehe 5 Mei, Kwale. Nakupigia magoti.

Mwanao,
Abdurahman


Galu
22 Aprili 1964

Mwanangu,

Barua yako sikuichoma. Nimeitia kwenye kasha langu chini ya sanda yangu mwenyewe, na funguo ninayo kiunoni. Usiogope, simpi polisi. Barua mtu aliyomwandikia mamake si ya polisi. Nimeiweka kwa kuwa ndiyo barua yako ya kwanza ya kweli.

Huyo wakili wako hodari, mwambie mimi kizee nisiyejua alifu nina swali. Kwenye karatasi mlisema Myahudi ni damu, hawezi kutoka, hata akifa. Kortini mnasema ni dini, kama kofia, huvuliwa. Sokoni damu, kortini dini! Anapopigwa ni damu, mpigaji anaposhikwa ni dini. Mwambie achague moja, kisha Hana alale. Amechoka kupinduliwa.

Haya, kisimani.

Unajua unaniomba nini? Unaniomba niseme kwamba mimi, mwosha, nilitoka chumba cha maiti nikaenda kisimani nikafungua sanda ya mwenzangu mbele ya wanawake wanaoteka maji. Hata Mwanatumu ambaye hajanipenda maisha yake yote hawezi kunisingizia hilo. Nikisema hivyo, kila mwanamke wa Galu atalala anajiuliza nilisema nini juu ya mamake. Mwanatumu atajiuliza juu ya marehemu dada yake. Na kuna jambo juu ya dada yake! Nao hao wanawake watano wasio na majina, polisi watawaacha? Watakwenda mlango kwa mlango. Utawatia wenzangu ndani ili utoke wewe.

Kosa nililofanya ni moja: nilimwambia mtu mmoja. Hilo ni langu, nitalibeba. Unataka nibebe kosa kubwa ambalo sikulifanya kwa kuwa hili dogo linakugusa.

Usidhani naipenda sheria hiyo. Siipendi! Ndiyo hiyo hiyo iliyomfunga Haji. Wamebadili bendera, wameiacha sheria kama ilivyo, na kesho wataifunga midomo ya wavuvi watakaosema juu ya waya, utaona, na watatumia mfano wako. Umewapa jembe. Kila mwenye neno la haki pwani hii ataambiwa, "Tunawajua nyinyi, nyinyi ndio mnaofukua makaburi." Mwalimu Salimu wa msikitini alisema Ijumaa maneno mazito juu ya waliochimba, akasema maiti ni mtu. Nusu ya safu ilitazama chini. Hilo lingetosha kwangu, watu wazima wakiaibishana wao kwa wao. Lakini sikuulizwa.

Iko njia moja tu, na ni yako. Simama wewe kwanza. Hakimu akifungua daftari, kabla sijaitwa, useme, "Niliandika mimi, jina langu hili." Hapo sitaulizwa kitu. Nitakaa kwenye benchi na kanga yangu kichwani, na wakikufunga nitaleta chakula kila wiki, wallahi, hata kwa miguu. Usiposimama nitaitwa. Nikiitwa nitaulizwa. Nikiulizwa, nitajibu.

Waridi ameweka kalamu chini mara tatu. Nimemwambia mwandikie mumeo chochote utakacho. Amesema hana la kuongeza.

Mamako


Mombasa
2 Mei 1964

Mama,

Wakili amekataa. Anasema nikisimama nikakiri, miezi inakuwa mwaka. Usije Kwale. Sema unaumwa, daktari yeyote atakuandikia. Nakuomba. Usije.

A.


Galu
30 Mei 1964

Kwa Abdurahman bin Haji, mfungwa.

Na kwako wewe askari unayefungua barua hii kabla yake, maana nimeambiwa hufunguliwa, habari za kazi, soma tu, hamna siri. Siri zote zimekwisha.

Sikuumwa. Daktari yeyote, ulisema. Daktari ninayemjua mimi ni mmoja, nikamwendee huyo aniandikie uongo?

Ulinitazama nilipoingia, kisha ukatazama viatu. Nilikungoja. Hakimu alipofungua daftari nilisema moyoni, sasa. Ulikohoa. Nikadhani ndiyo sasa. Ulikuwa unakohoa tu.

Nusu siku nzima wakabishana, wakili wako na yule wa serikali, Myahudi ni nini. Vitabu vilifunguliwa. Mmoja rangi, mmoja dini. Dokta amekaa pale kama kiti, hakuna aliyemwuliza yeye mwenyewe ni nini. Mimi nililala kidogo. Nilizinduka hakimu akisema hakuletwa Kwale kuhesabu damu za watu, sheria inasema jamii ya watu, na jamii anaiona imekaa mbele yake. Kaburi limefukuliwa kwa ajili ya karatasi, anataka kujua nani kaandika. Nikaitwa mimi.

Karani akaniuliza kabila, nikamwambia Mdigo. Dini, Mwislamu. Kazi? Nikasema, "Nilikuwa mwosha." Umesikia hilo? Watu wa Galu walijaa pale nyuma, Mwanatumu mbele yao, wote walisikia. Nikaeleza mfuko. Wakili wako akaja na sauti ya asali: "Bibi, umri wako mkubwa, si kweli kwamba unaweza kuwa uliwaambia wengi na umesahau?" Nikamwambia, "Baba, nimesahau mengi, hata siku niliyoolewa. Mtu niliyemfunulia siri ya maiti simsahau." Watu wakacheka, naye akakaa.

Yule wa serikali akafurahi, akaniambia, "Kwa hiyo bibi unataka aliyeandika afungwe?" Nikamwambia usinifurahie wewe. Sheria yako ilimfunga mume wangu kwa kusema kweli. Sikuulizwa ninataka nini, nimeulizwa nilimwambia nani.

"Nani?"

Nilikupa nafasi tena. Waridi ni shahidi, alinishika mkono. Nilikutazama mpaka hakimu akainua kichwa. Ungeweza kusimama hata hapo, ukanipokonya neno mdomoni. Hukusimama.

Nikasema: Abdurahman bin Haji bin Mbwana, mwanangu wa tumbo langu. Ukafunika uso. Mimi sikufunika.

Miezi tisa. Rai na wenzake mitatu mitatu, na mkewe Rai anapita hapa hanisalimu. Sawa. Dokta anauza nyumba. Nilimwambia asiuze, akasema mlango wa waya atamwomba mnunuzi auache. Mnunuzi hatauacha. Wavuvi wanajua hilo, nao wameanza kukuapiza wewe, si mnunuzi.

Jumatatu dada mwingine wa Mwanatumu, yule aliyekuwa mgonjwa, amekufa. Nilisikia kilio, nikasimama, nikatoa birika na ubani kwa mazoea. Wakapita na maji mlangoni kwangu wakampelekea Mwanatumu, amwoshe yeye. Hakuna aliyenitukana. Wameniamkia vizuri, shikamoo bi mkubwa, wakapita. Nilirudisha birika ndani. Miaka thelathini, Abdurahman.

Waridi atakuja Jumapili na nguo zako na samaki wa kukaanga. Mpokee vizuri, amepungua. Mimi siji. Usiniandikie kwamba unanisamehe, nimesikia umemwambia wakili wako hivyo, na usiniandikie kwamba unatubu, wa kumwambia hilo anahama mwisho wa mwezi na anwani yake Waridi atakuja nayo. Mimi bado nina hasira. Naamka nayo, napepeta nayo mchele, naswali nayo, Mungu anisamehe. Ikiisha nitakuja mwenyewe, sitatuma mtu. Na wewe usitume mtu kuuliza kama imeisha.

Mamako,
Mwanafatuma binti Zahoro